Ufa wa Najib

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo nimeuona. Picha ya kumi na nne, mkabala na Likoni. Tabaka za tope na mchanga zimelala moja juu ya nyingine kama mikeka, halafu, kwenye mstari mmoja wima, upande wa kulia umeshuka. Ufa. Miaka kumi na miwili nimekaa ofisi hii ya Changamwe nikisoma picha za chini ya bahari. Meli hupiga mshindo majini, sauti hurudi kutoka ardhini, mashine inachora. Sijawahi kugundua hata shimo. Ijumaa wateja wanakuja kuuliza waya wao wa intaneti upite wapi. Mwende sijamwambia. Alianza kazi Januari, ana shahada, na Bi Rosalia, mkuu wetu, tayari humuuliza yeye kwanza. Nimeupa jina, nikaliandika juu ya picha: Ufa wa Najib.

Jumanne, 9 Septemba
Mwende ameulizia daftari la safari ya meli. Nimesema silijui liliko. Liko kwenye droo yangu, chini ya msala. Mimi mwenyewe sijalifungua. Ufa unaonekana kwa macho, daftari la nini?
Jioni nilipita Likoni kwa khaloo Kafedha, dadake marehemu mama. Anamjengea binti yake Swabra nyumba karibu na maji. Sikukusudia kusema. Nimesema.

Jumatano, 10 Septemba
Khaloo amesimamisha mafundi. Amenipigia simu mara nne. Aliuliza ardhi itapasuka lini, nikamjibu kwamba sayansi haitoi tarehe. Kisha akasema, "Harusi ni mwezi ujao, Najib. Nimwambie nini mwanangu?" Chakula cha mchana kimenishinda. Hadi leo nilikuwa nikiuwaza ufa ulivyo kwenye karatasi. Sikuwa nimewaza watu walio juu yake.

Alhamisi, 11 Septemba
Mwende amefungua droo yangu akitafuta stepla. Hakupandisha sauti. Alifunga mlango, akaliweka daftari mbele yangu, kando ya picha ya kumi na nne, akanionyesha kwa kidole. Saa nne na dakika kumi asubuhi, meli ilisimama kwa sababu ya nyavu za wavuvi. Ikazunguka, ikaanza tena mita mia tatu mbele.
"Kaka Najib," akasema, "hizi ni picha mbili zimeunganishwa. Hapa hapana ufa."
Akatoa picha nyingine, ya siku ambayo meli ilirudia njia ile ile bila kusimama. Tabaka zimenyooka, hata mkunjo hazina. Nikakaa chini. Likoni yote iko mahali pake, alhamdulillahi.
Nilimpigia khaloo hapo hapo. Alilia, akacheka, akanitukana, akawaita mafundi. Mwende akauliza ni nani anayelia hivyo, nikamweleza yote. Kisha akasema habari ya droo haitafika kwa Bi Rosalia.

Ijumaa, 12 Septemba
Wateja wamekuja. Nimewasomea: tope limetulia, waya upite. Wameridhika. Bi Rosalia amesema kazi nzuri, akitutazama sote wawili, Mwende zaidi. Khaloo ametuma mahamri, na amesisitiza kwamba ni ya Mwende. Nimekula manne. Sijalala vizuri wiki nzima kama nitakavyolala leo. Nimejiapia, wallahi, sitatangaza kitu tena kabla ya kusoma daftari.

Jumatatu, 15 Septemba
Picha ya ishirini na mbili. Katikati ya tabaka pana sehemu imefifia, kama moshi. Mwende anasema tusubiri, huenda mashine ilipungukiwa nguvu, tuangalie daftari kwanza. Nimemwambia ndiyo, kwa adabu. Lakini macho yangu hayanidanganyi: hii ni gesi, tena nyingi. Daftari nimelihamishia kabatini na ufunguo ninao. Khaloo nimeshampigia, nikamwambia mtungi wake wa gesi ukiisha asinunue mwingine.