Siku Kumi na Moja za Kupumzisha Miguu

Jumanne, 10 Agosti 1993

Zimebaki siku kumi na moja. Leo nimeuza baiskeli ya mke wangu.

Naandika hili bila hofu kwa sababu mpango hauna tundu hata moja. Mwanakheri yuko kwao Malolo, ananunua vitunguu. Atarudi Kilosa Jumapili ya tarehe 22. Mbio ni Jumamosi ya tarehe 21: kutoka stesheni hapa mpaka Mikumi kwa njia za miguu, kilomita sabini na kitu, milima na mito humo humo. Mshindi atapewa baiskeli na tajiri mmoja aliyefungua gesti mpya Mikumi na anataka ijulikane. Basi! Jumapili mke wangu atakuta baiskeli mlangoni, tena nzuri kuliko ile. Ile nimemuuzia Paulo, fundi baiskeli wa sokoni, na kwa pesa yake nimenunua raba za mtumba. Zina mistari ubavuni.

Tangu shamba la mkonge liuzwe na sisi makarani tupunguzwe kazini, baiskeli hiyo na vitunguu vyake ndivyo vimetulisha. Kwa hiyo lazima nishinde. Sina njia nyingine.

Jioni nilikwenda kwa Mwalimu Urbanus, aliyewahi kukimbia katika timu ya jeshi. Alisema mazoezi makubwa yamekwisha. Wiki hii nikimbie nusu ya nilivyozoea, wiki ijayo nusu ya hiyo nusu. Miguu ikipumzika ndipo inapopata nguvu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimetafakari sana. Mwalimu Urbanus ni mtu mwema, ila hana ujasiri wa kulifuata wazo lake mpaka mwisho. Kama nusu ya mazoezi inaongeza nguvu, na robo inaongeza zaidi, je, bila mazoezi kabisa? Hakuna aliyethubutu. Nitathubutu mimi. Tangu asubuhi niko kitandani. Nasikia nguvu zikiingia miguuni, hasa mguu wa kushoto.

Bundala alipita na maziwa yake. Ni Msukuma, mfugaji, na ndiye mpinzani pekee wa kuogopwa. Alfajiri anatembea kutoka porini kuleta maziwa huku mtaani kwetu Mabwerebwere, kisha kutwa yuko nyuma ya ng'ombe. Hapumziki hata siku moja! Atafika kwenye mbio amechakaa. Nilimhurumia kwa moyo wa kweli.

Ijumaa, 13 Agosti

Tatizo dogo. Sikwenda msikitini, maana kwenda ni kutembea. Baada ya sala wakaja wazee saba kunijulia hali. Niliwaamkia shikamoo nikiwa nimelala chali, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Ningesema mimi mzima, wangeniuliza kwa nini sikuonekana kwenye sala. Nikakohoa. Wakanisomea dua, ndefu. Mmoja alifuta machozi. Na mimi pia, kwa kweli.

Jirani yetu Mama Hildegarda hakukubali kupitwa. Yeye ni Mkatoliki, lakini kwa wagonjwa hachagui. Alileta uji wa ulezi, na jioni ugali kwa kuku. Nilimaliza vyote, kwani mkimbiaji lazima ale. Alinitazama kwa huzuni akasema marehemu mumewe naye alikula hivyo hivyo siku za mwisho.

Jumapili, 15 Agosti

Balaa! Mama Hildegarda amempa dereva wa lori salamu za Malolo: Mwanakheri aambiwe mumewe yu kitandani, hainuki.

Nilifikiri haraka. Lori la mchana nalo lilikuwa linaelekea huko. Nikatuma ujumbe wa pili, mfupi, wa kumtuliza: Abubakari hajambo kabisa, usiwe na wasiwasi, usije. Sidhani kama kuna mtu angeweza kuuandika vizuri zaidi. Nikalala kwa amani.

Jumanne, 17 Agosti

Nimemvua Bundala viatu.

Sisi Wasagara na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kuchukua kitu chako ukiona, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, watu watakucheka mpaka uhame. Leo Bundala alivua katambuga zake za tairi mlangoni kwa Mama Hildegarda ili ampimie maziwa uani. Nikatoka kitandani. Hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Nimezifidia kwa kutogeuka hata upande mchana kutwa.

Aliponiona nazo alicheka sana. Muda mrefu mno kwa mtu aliyepoteza viatu siku nne kabla ya mbio. Akaenda zake peku. Sasa hivi nadhani miiba inamfanyia kazi.

Alhamisi, 19 Agosti

Sitaki kuandika, lakini shajara ni shajara.

Bundala alikuja na nduguze wawili. Akaingia bila hodi, akachukua raba zangu chini ya kitanda, akatoka nazo uani mbele ya majirani wote. Akatangaza kwamba anamshukuru sana mtani wake kwa kumtunzia viatu. Mama Hildegarda akapiga vigelegele. Wote wakanitazama kama nitanuna. Nikacheka. Taya zinauma mpaka sasa.

Nimebaki na katambuga zake. Ni kubwa, zinatangulia mbele yangu.

Alasiri akaja Mwalimu Urbanus. Aliuliza wiki hii nimekimbia kiasi gani. Nilimweleza ugunduzi wangu. Akaomba maji ya kunywa. Akanitaka nisimame nitembee mpaka mlangoni. Nilifika, nikiwa nimeshika ukuta.

Ijumaa, 20 Agosti

Mwanakheri amerudi. Amekuja na sanda.

Aliteremka kwenye lori la vitunguu akilia tangu barabarani. Alinikuta nakula ugali. Akaniangalia, akakaa chini palepale na mzigo wake, akalia upya. Nilimuuliza kama hakupata ujumbe wangu wa pili. Alisema ulimfikia jana, na ndio uliomuua. Kwa ule wa kwanza pekee angengoja amalize kununua vitunguu. Ila hakuna mtu anayesimamisha lori kutuma habari kwamba mzima ni mzima. Baba yake alipofariki waliambiwa vivyo hivyo: hajambo, msije mbio. Sanda aliinunua njiani. Kitambaa kizuri, hakubania pesa.

Miguu yake ilikuwa imepasuka visigino. Alitembea usiku kucha kutoka kwao mpaka barabara kuu. Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo: niliona aibu.

Kisha akauliza baiskeli iko wapi. Nikasema iko kwa Paulo, inatengenezwa. Akaenda kwa Paulo. Aliporudi hakupiga kelele. Paulo alishaiuza kwa yule tajiri wa gesti. Zawadi ya mbio ni baiskeli yake mwenyewe, imepakwa rangi nyekundu tu.

Aliniita kwa jina langu kamili pamoja na la baba yangu. Akasema kesho atakuwa Mikumi.

Jumapili, 22 Agosti

Jana tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa wa mbele mpaka mwisho wa stesheni. Baada ya hapo katambuga zilienda kwake na mimi kwangu. Saa tatu nilikuwa peke yangu na mbuzi wa watu.

Njia ilipogusa barabara, lori la mkaa likapita polepole kwenye mashimo. Wazo likaja lenyewe. Nipande, niteremke karibu na Mikumi, nimalizie kwa miguu. Nikajirusha juu ya magunia. Juu ya magunia alikuwa amekaa Mwanakheri.

Tulipokaribia Mikumi nikainuka niruke. Akanishika kola. Nilimweleza kwamba nafanya yote haya kwa ajili ya baiskeli yake. Hakuiachia. Ana mkono mzito, ni wa kubeba magunia. Hivyo nilifika mwisho wa mbio mbele ya wote, nikiwa mweusi tii, nimeshikwa shingo.

Bundala alitokea wa kwanza, saa tisa, peku. Raba zangu alizining'iniza shingoni. Alisema zinabana, alizichukua kwa heshima ya utani tu.

Tajiri akamkabidhi baiskeli. Watu wakapiga makofi. Ndipo Mwanakheri akapita katikati yao. Aliitazama keria, penye kiraka cha kuchomelea ambacho yeye mwenyewe alisimamia. Akashika usukani, akaivuta kutoka mikononi mwa Bundala, akasema kwa sauti kwamba anamshukuru sana mtani wake kwa kukimbia kilomita sabini kumfuatia baiskeli yake.

Nilijua Bundala akikataa, mke wangu atarudi nyumbani na vitunguu kichwani, maisha yake yote, kwa sababu yangu.

Bundala alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mtani akishachukua amechukua. Ila naye atapita kesho kuchukua gunia la vitunguu, na mtu asinune. Mwanakheri akacheka pia. Kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Jumatatu, 23 Agosti

Gunia limekwenda. Mwanakheri hasemi nami isipokuwa neno moja: pisha. Asubuhi ameondoka na baiskeli kwenda sokoni. Nilipomwona akikunja kona nilifurahi, nikataka kumwita. Nikarudi ndani.

Nimekaa nikatafakari kwa unyoofu wote kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Siku kumi na moja hazikutosha. Mwakani nitaanza kulala mwezi wa sita.

Nitahitaji raba nyingine. Bundala amempa mpwa wake zile, na kwa mpwa wake sina utani.

Nimeona tajiri aliifungia ile baiskeli dinamo na taa mpya kabisa. Mwanakheri hatembei usiku. Dinamo inafunguka kwa nati moja, na Paulo hufunga duka saa kumi na moja.