Shemeji Mbele, Mimi Nyuma

Jumapili, 3 Machi

Msimu umefunguliwa. Mbio za baiskeli za milimani, kundi la waliovuka miaka arobaini, waendeshaji kumi na mmoja. Nimekuwa wa saba. Si haba. Ningependa kuishia hapo, lakini daftari hili silidanganyi. Wa sita ni shemeji yangu.

Maelezo, nisije nikasahau uzeeni: shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Mkunga. Umri, hamsini na mbili. Baiskeli kaanza mwaka jana tu, alipofiwa na mumewe na daktari akamwambia atafute kitu cha kumtoa nyumbani. Mimi huu ni mwaka wa tisa kwenye mchezo. Nina miguu ya kazi pia: nasoma mita za maji, nyumba mia kwa siku, kwa mguu. Yeye kazi yake ni kusimama pembeni ya kitanda na kusema sukuma.

Na ndivyo alivyoniambia leo, katikati ya kilima, akinipita. "Sukuma, shemeji! Usibane pumzi! Sukuma!" Watazamaji walicheka. Wanawake wawili wakampigia makofi. Nadhani amewazalisha.

Kwenye mstari wa mwisho mke wangu alisimama na chupa mbili za maji. Ya kwanza akampa dada yake. Alifika kwanza, sawa. Lakini mimi ndiye mume!

Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 5 Machi

Tatizo nimeligundua. Uzito! Nimeipandisha baiskeli kwenye mizani ya bafuni. Nimeng'oa kengele, stendi, na kimkoba cha chini ya kiti chenye pampu na viraka. Karibu kilo mbili zimeondoka. Mke wangu alipita na ndoo ya nguo, akaitazama mizani, akalitazama tumbo langu, akaendelea na safari yake. Kuna watu wanaweza kukutukana kwa mwendo tu.

Jumapili, 14 Aprili

Mbio za pili. Nilikuwa wa tano! Shemeji nyuma kabisa, hata simuoni. Nikaanza kutunga maneno ya kumfariji. Kisha mwiba. Tairi la mbele likatoa pumzi kama mtu aliyechoka na maisha. Pampu iko kabatini, nyumbani.

Shemeji akatokea. Akasimama. Akanipa pampu yake na kiraka, akaniuliza kama nimekunywa maji, akaondoka. Nimekuwa wa kumi. Wa kumi na moja alikata tamaa akaenda kwake, kwa hiyo tuseme ukweli, nimekuwa wa mwisho.

Pampu yake ninayo bado. Nitamrudishia. Baada ya mbio zijazo.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimwandikia barua Fundi Spoku. Huyu ndiye mwenyekiti wa klabu yetu. Kibanda chake cha kutengeneza baiskeli ndiyo ofisi. Nilipendekeza kwamba kwa heshima ya akina mama, wapewe kundi lao wenyewe. Nilitumia neno heshima mara nne.

Leo kikao. Fundi akaisoma barua kwa sauti, mikono imejaa grisi, kidole gumba kikiacha alama juu ya kila heshima. Akasema wazo ni zuri sana. Mwanamke wa rika letu ni mmoja tu, kwa hiyo shemeji atakuwa mshindi wa kwanza wa kila mbio, apewe na kikombe. Shemeji akasema anashukuru, hajawahi kushika kikombe kisicho cha chai.

Nikaiondoa barua. Nikasema nilikuwa nafikiri kwa sauti.

Jumapili, 5 Mei

Mke wangu ameiona nakala ya barua. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni, nami nikiwa nasafisha mnyororo kwa mswaki wa zamani (kumbe haukuwa wa zamani, ulikuwa wake, lakini hilo lilikuja baadaye).

Akaniambia mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka sita, na huyo dada ndiye aliyemsuka nywele mpaka alipomaliza shule. Akaniambia tangu afiwe na mumewe, dada yake alikuwa akimpigia simu na kukaa kimya. Wanasikilizana wanavyopumua, basi. Siku hizi kila baada ya mbio anapiga na kuongea saa nzima. Na sehemu kubwa ananiongelea mimi. Nilivyokata kona. Nilivyoruka mzizi. Anasema nina macho mazuri ya njia.

Niliendelea kupiga mswaki pingili ileile ya mnyororo mpaka ikang'aa kama jino.

Miaka tisa napanda milima hii, na sidhani kama kuna mtu mwingine amewahi kunitazama hivyo. Nikafikiri: labda nimwachie tu. Labda kuwa wa saba ni mahali pazuri pa mtu kukaa.

Hata hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Kesho mbio kubwa za msimu. Mvua imenyesha siku mbili. Mchana nilikwenda kuikagua njia peke yangu. Baada ya kona ya tatu ya mteremko, maji yamechimba korongo. Kina cha goti, upana wa hatua moja, majani yamelifunika. Nusura niingie mzimamzima! Nimepata pa kupita: kushoto, ukiugusa mti kwa bega. Nimefanya mazoezi mara tatu.

Jioni shemeji alikuja kula kwetu. Akaniuliza njia ikoje. Nikasema ina matope kidogo. Baadaye, akimsaidia mdogo wake kuondoa sahani, akauliza tena: matope tu? Nikasema matope tu.

Sikudanganya. Matope yalikuwepo.

Najua ninachopaswa kufanya. Kumpigia Fundi Spoku, dakika mbili, imekwisha. Lakini Fundi ni mwenyekiti, bila shaka ameshapita mwenyewe. Na hao wengine wanashika breki kila wakiona kivuli, hawatadhurika. Na shemeji ana kipaji. Mtu mwenye kipaji haambiwi kila kitu, utamharibu.

Nimeisoma tena aya iliyopita. Mwandiko wangu huwa haulali upande hivi.

Jumapili, 9 Juni

Wa tatu! Medali! Shemeji yuko hospitali.

Niandike kwa mpangilio. Nilichelewa kufika mstarini, tumbo lilinipeleka chooni, na nikatoka pale filimbi inapulizwa. Tukaanza. Kwenye mteremko shemeji alikuwa mbele yangu kama mita ishirini. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nikakaza meno.

Akaliruka! Aliinua gurudumu la mbele na kupaa juu ya korongo kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Kisha akageuza shingo nyuma, akanipigia kelele. Nilisikia mwisho wake tu, "...ongo!" Alipogeuka mbele, mti ulikuwa umeshafika.

Nilipita kushoto, kama nilivyofanya mazoezi. Nikasimama. Alikuwa ameketi chini, ameshika bega.

"Ni mfupa wa mtulinga," akasema, kwa sauti ileile anayowaambia watu ni mtoto wa kike. "Nimeusikia ukikatika. Wewe nenda, shemeji. Wako watatu tu mbele yako."

Nikamwambia nitaita watu. Na niliwaita. Kwenye mstari wa mwisho, baada ya kumpita mmoja.

Aliyekaa naye mpaka machela ilipofika ni yule wa kumi na moja wa siku zote, anayekata tamaa mapema. Leo tena hakumaliza mbio.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Amelazwa jengo lilelile analofanyia kazi, wakunga wenzake wanaingia na kutoka kama yeye ndiye aliyejifungua. Wiki nane bila kazi. Aliniambia kuna mama wa mimba ya tatu aliyemsubiri yeye tu, na sasa atashikwa mkono na mtu mwingine. Hapo ndipo nilipomwona ameumia.

Akawaambia wote chumbani kwamba nilisimama. Katikati ya mbio, nilisimama! Muuguzi mmoja alinipa kiti.

Medali ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimekuja nayo nimwonyeshe. Kila nikijigeuza kwenye kiti, inalia.

Alhamisi, 13 Juni

Karudi kwake. Mke wangu alinituma nipeleke chakula. Nikajipa kazi ya kuosha vyombo, maana mtu akiwa ameipa meza mgongo husema mambo kirahisi zaidi. Nikafungua bomba. Nikasema.

"Shemeji, lile korongo nililiona Jumamosi."

Maji yanatiririka.

"Funga bomba," akasema. "Wewe ndiye unayesoma mita."

Nikafunga.

"Na mimi nililiona," akasema. "Nilipita alasiri, kabla ya kuja kwenu. Nilikuuliza mezani kusudi nijue kama umefika pale. Ukasema matope tu. Nikajua hukufika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukushinda." Alisema hivyo hivyo, bila kupamba. "Nikajilaza na jambo hilo, halikunipa usingizi. Asubuhi nikamwambia Fundi, akawatangazia wote pale mstarini. Wewe hukuwepo. Nikasema basi, nikifika pale nitageuka nikupigie kelele."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikujua niiweke wapi.

"Kwa hiyo nimevunjika mfupa kukuonya jambo unalolijua," akasema.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka bega likamuuma, akalishika, machozi yakamtoka, na kuanzia hapo sikuweza kujua tena ni machozi ya nini. Nilisimama tu. Sijawahi kusimama kwa muda mrefu hivyo bila kuwa na wazo lolote la kujitoa.

Mwishowe akaniambia nisimwambie mdogo wake. Atakuwa mkali kweli, na yeye hana nguvu ya kunitetea kwa mkono mmoja. Badala yake nije kila siku nikitoka kazini. Vyombo, sakafu, nguo za kufua. Mpaka mfupa uunge.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya ishirini na mbili ya sakafu. Yeye kwenye kiti, mkono shingoni, mimi na tambara. Ananielekeza pembe nilizoziruka. Ana macho mabaya ya vumbi.

Leo alinionyesha viatu vya marehemu, bado viko mlangoni. Akasema kwenye kilima, mapafu yakiwaka, ndipo pekee asipomfikiria. Halafu akifika juu anamkumbuka, lakini anamkumbuka akiwa na pumzi. Kuna tofauti, akasema.

Nimekuwa nikifukuzana na mtu ambaye hakuwa akishindana nami hata kidogo. Ameshindana nami usiku mmoja tu, na usiku huo alijiona vibaya kuliko mimi msimu mzima.

Nimemrudishia pampu.

Jumapili, 18 Agosti

Mbio za mwisho. Mfupa umeunga, lakini daktari hajamruhusu baiskeli. Alisimama na mke wangu, kila mmoja na chupa.

Sikupanga lolote. Sikung'oa kitu, sikukagua njia kwa siri. Niliendesha kama mtu mwaminifu. Kilima kilikuwa kimya mno. Hakuna mgongo wa kuutazama, hakuna wa kuniambia nisibane pumzi, na kweli niliibana. Nimekuwa wa nane.

Mwisho wa njia walininyooshea chupa wote wawili kwa pamoja. Nikazichukua zote. Shemeji akasema kona ya pili niliikata vizuri. Nikaona aibu nilivyofurahi.

Mtu hubadilika. Naliandika hili kwa wino, si kwa penseli. Mimi nimebadilika.

Jumamosi, 31 Agosti

Kikao cha kufunga mwaka, kibandani kwa Fundi Spoku. Akasema yaliyotokea Juni yasijirudie, klabu inahitaji mkaguzi wa njia. Nani anafaa?

Shemeji akainua mkono. Ule wa upande uliovunjika! Akasema nani mwingine, kama si shemeji yake, mwenye macho mazuri ya njia. Akanitazama kwa muda mrefu alipokuwa akisema. Nilielewa. Alikuwa ananirudishia kitu ambacho mke wangu na watu wote wale hawakujua kama nilikipoteza.

Wote wakapiga makofi. Nilisimama. Nikaahidi usalama wa kila mmoja. Nilimaanisha kila neno. Nikiwa narudi nyumbani ilibidi nisimame kidogo barabarani nijifute uso.

Nimepewa filimbi, vibendera sitini na ramani ya mlima mzima. Sikujua kazi yenyewe ni kubwa hivi. Mkaguzi hupita njia wiki nzima kabla ya wengine. Wiki nzima! Na si kupita tu. Yeye ndiye anayeamua bendera zikae wapi, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua njia ipite wapi.

Nimetandaza ramani mezani. Nimekuwa nikifikiria kwa makini sana suala la usalama. Shemeji, kwa mfano, hupunguza mwendo kwenye kona za kulia. Nimeliona hilo mwaka mzima, nikiwa nyuma yake. Kwenye kona za kulia anakuwa mwangalifu mno, mwendo wake ni salama kabisa.

Msimu ujao nafikiria kona kumi na nne. Zote za kulia.