Joho Namba Kumi na Saba

Silvère alikuwa komisioneri. Kigali ina makomisioneri wa nyumba, wa viwanja na wa magari, watu wanaokukutanisha na unachokitafuta kisha wakachukua kamisheni yao. Yeye aliona pengo katika uchumi wa taifa: hakukuwa na komisioneri wa mawakili. Basi kila asubuhi alifunga tai, akasimama nje ya mahakama na kutazama mikono ya watu. Aliyebeba bahasha ya kaki kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya kwa mkia, huyo ameshtakiwa na hana wakili.

Jumatatu hiyo panya alikuwa mkononi mwa Yasmina, fundi cherehani wa Nyamirambo. Mugenzi, aliyewahi kuwa mshirika wake, alidai mahakamani kuwa cherehani zote sita za karakana ni zake. Kesi ingesikilizwa Alhamisi. Akishindwa, Yasmina angebaki na sindano, uzi na ushauri wa majirani.

Silvère alimpa pole, kisha akampa somo. Wengi, alisema, huchagua wakili kwa ukubwa wa tumbo lake, na hilo ni kosa.

"Dada yangu, wakili wa talaka usimpe kesi ya biashara. Bei mkubaliane mapema. Na akila hela yako bila kukupa risiti ya EBM, huyo si wakili, ni mwizi."

EBM ni ile mashine ya kodi ambayo Kigali hata muuza soda huulizwa risiti yake. Lilikuwa somo zuri. Tapeli anayejiheshimu hupika kwa ukweli mwingi. Uongo hutia mwishoni, kiasi cha chumvi. Yasmina alisikiliza kama mwanafunzi anayejua kuna mtihani.

Wakili aliyependekezwa alikuwa Maître Mutsinzi, Maître kama mawakili wanavyoitwa huko, ambaye hajawahi kushindwa kesi. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa hajawahi kusimamia hata moja. Mutsinzi aliuza betri za simu Nyabugogo, na Jumapili aliimba besi katika kwaya moja ya Ndera yenye majoho meusi na ukosi mweupe. Mwondoe mwanakwaya huyo karibu na kinanda, ni wakili kamili.

Jumanne Silvère na Mutsinzi, joho likiwa mwilini, walifika karakanani. Yasmina aliomba radhi: ukosi wa Maître ulikuwa umepinda. Alipoukunjua kuuweka sawa, ndani aliona namba kumi na saba iliyotariziwa kwa uzi wa kijani. Aliifahamu. Ndiye aliyeishonea kwaya majoho ishirini na manne, na kila moja alilitia namba ili waimbaji wasigombane. Aliurudisha ukosi, akaupigapiga taratibu, akaagiza chai.

Silvère aliomba nusu ya malipo mapema. Yasmina alisema angelipa yote kwa pamoja, tena mara mbili, endapo shauri lingekwisha kabla ya Alhamisi. Kwa risiti, aliongeza, kama alivyofundishwa. Silvère alisikia "mara mbili". Mengine yalipita kama pikipiki.

Jumatano Mugenzi aliitwa, na mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, akaja kushuhudia. Mugenzi alitarajia kumkuta mwanamke peke yake. Alikuta joho. Mutsinzi alisimama, akavuta pumzi kama wanavyovuta kabla ya wimbo wa Pasaka, akauliza kwa besi iliyotikisa mikasi mezani:

"Bwana Mugenzi. Risiti ya cherehani hata moja unayo?"

Hakuwa nayo. Alichowahi kununua ni kibao chenye jina la karakana, kile cha mlangoni. Yasmina akafungua droo, akatoa risiti sita. Mutsinzi, kazi ikiwa imemnogea, alirudia swali kama kiitikio, akiinua mkono kwa nguvu hadi joho likachanika kwapani. Kufikia adhuhuri Mugenzi alikuwa ameandika kwamba anaondoa kesi. Alisaini, Yasmina akasaini, mkuu wa mudugudu akashuhudia. Silvère alimsogezea Mutsinzi kalamu, lakini Yasmina akasema Maître asichoshwe. Mugenzi aliondoka na kibao chake kichwani. Yasmina alibaki na barua ya kupeleka mahakamani, na pia joho, maana ni aibu, alisema, wakili wake aonekane barabarani na kwapa wazi.

Ijumaa, kesi ikiwa imeshafutwa, Silvère alikuja kuchukua chake. Noti zilikuwa mezani, zimelaliwa na mkasi.

"Risiti ya EBM, kaka," Yasmina alisema.

Silvère alicheka, akaona anacheka peke yake. Akajitolea kuandika risiti kwa mkono, hata kwa wino mwekundu.

"Akila bila risiti ya EBM, ulisema ni nani vile?"

Silvère alijua pa kupata kila kitu Kigali. Mashine ya kodi ya wakili asiyekuwepo, hiyo hata komisioneri hana.

Akaomba basi angalau joho. Kwaya ilikuwa imekagua majoho yake, na Mutsinzi alikuwa ameonywa kwamba asipolirudisha kabla ya Jumapili, besi atakwenda kuiimbia nyumbani. Yasmina alilitoa kwenye kiango cha nguo. Lilikuwa limeshonwa na kupigwa pasi, na ukosi umegeuzwa nje ili kumi na saba ya kijani isomeke vizuri. Silvère aliisoma, akaelewa tangu lini alikuwa akichezewa.

"Fundi wa haraka ana bei yake," Yasmina alisema.

Silvère alilipa. Kando ya mkasi kimashine kidogo cha kodi kikalia, kikatema karatasi. Yasmina aliikata taratibu, akampa kwa mikono miwili.