Mlango wa Jumba la Mikeka

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Ndugu Makamu wake, Ndugu Katibu aliyeandika hotuba hii, pamoja na mkewe aliyenipigia pasi suti, wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, na ninyi wengine mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Leo, kwa unyenyekevu mkubwa ambao hata mimi mwenyewe hunishangaza, ninafungua Jumba la Kumbukumbu ya Kazi za Mikono, ambalo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu na upembuzi wa huo upembuzi, litahifadhi mikeka, vyungu na vinyago pamoja na visa vyake, kwa kuwa mkeka bila kisa ni majani tu, na kisa bila mkeka ni umbea. (Vicheko.) Asilimia themanini ya wananchi tuliowahoji walisema hawajui. Sasa watajua.

Bibi Msusi yuko hapa. Simama, bibi, wakuone. Huyu alituletea mkeka wa marehemu mama yake, ambaye alifariki ukili wa mwisho, yaani ule mkanda wa majani yaliyosukwa, haujashonwa, ukabaki unaning'inia, na katika ukoo wao hakuna aliyethubutu kuushona wala kuukata, maana wanasema pale ndipo mkono wa mama ulipoishia. Tulimwahidi tutautundika ukumbini kama ulivyo, na ahadi ni deni. (Bibi: "Uko wapi, mwanangu?") Swali zuri, ninalifikia.

Wataalamu wangu walipoukagua walibaini kasoro, yaani huo ukili. Ofisi makini haitundiki kazi ambayo haijakamilika. (Sauti ya nyuma: "Na jumba je?" Askari anageuka.) Basi wakaukata, kwa mkasi wa ofisi, na kwa kuwa mimi ni adui wa ubadhirifu, nikaagiza usitupwe. Ndio utepe huu uliofungwa hapa mlangoni, ambao sasa naukata kwa heshima na taadhima. (Anakata. Bibi anashika kichwa.)

Mkeka wenyewe uko salama kabisa, chini ya viatu vyangu, maana uwanja huu una tope. Bibi, taratibu, kuna itifaki. Bibi, ngoja basi nishuke. (Mgeni rasmi anasimama topeni. Bibi anakunja mkeka, anaokota vipande viwili vya ukili, anavifunga kwenye kanga. "Mama yangu aliacha kazi haijaisha," anasema. "Wewe hata hujaanza.") Pongezi hizo nimezipokea. (Bibi anafungua mlango, anapita, na watu wote wanamwona upande wa pili akikata uwanja kuelekea kwake.)

Mmeshuhudia wenyewe: mgeni wetu wa kwanza, ameingia na kutoka bila msongamano. Utamaduni oyee. (Oyee ya watu wawili.) Kazi za mikono oyee. (Kikohozi.)

Mwisho, namshukuru seremala aliyetuazima mlango huu na fremu yake. Anaomba aurudishe kwake kabla jua halijazama, maana mkewe amekaa nyumba wazi tangu asubuhi, nami namhakikishia hautamsumbua kuubeba, kwa sababu haujashikana na ukuta wowote. Nawashukuru pia waashi waliotujengea jumba hili, ambao tutaanza kuwatafuta mwaka ujao wa fedha.