Bwana Mpima Mtarajiwa

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi. Mlima Loleza umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Asubuhi tulipopanga mistari Mwalimu Joachim ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atakuja afisa kutoka Dar es Salaam kuzungumza nasi darasa la kumi juu ya kazi na vyuo. Kufika saa nne wenzangu walikwishampa jina: Bwana Kazi. Kila mmoja wetu atajaza fomu yenye chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Vijitabu vya vyuo vimewekwa katika kabati la maktaba. Mwalimu amesema tuvisome, tusije tukachagua kwa kusikia.

Mimi nimechagua zamani. Nilikuwa na miaka saba Bwana Mpima alipopita kijijini kwetu, bondeni chini ya Tukuyu. Kofia ya helmeti. Kaptura iliyopigwa pasi. Mtu wa kumbebea mwavuli. Alifumba jicho moja, akautazama mlima, akainua mkono, na watu wazima watatu wakakimbia ng'ambo ya mto na vijiti vyao. Chifu alimpisha kiti.

Nimewapima mabwana wengine wote wa Serikali. Bwana Shamba ananuka samadi. Bwana Afya anakagua vyoo vya watu. Bwana Miti hana wa kuzungumza naye. Bwana Mifugo ndiye wa mwisho kabisa: ng'ombe kutwa. Mimi naogopa ng'ombe. Mnyakyusa mwenye hofu hiyo haisemi mbele ya watu, kwa hiyo naiandika hapa tu.

Nafasi ya upimaji kwa shule yetu mwaka huu ni moja. Philbert Kalinga, Mhehe kutoka Iringa, kitanda chake kinapakana na changu. Wa kwanza kwa hesabu tangu darasa la tisa. Jioni, akikunja blanketi, amesema taratibu kwamba naye anafikiria upimaji. Nimemwambia ni wazo jema sana. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 3 Julai

Nimewahi maktaba. Kijitabu cha upimaji ni kimoja. Nimekiazima, nimekiweka chini ya godoro. Philbert atafute kwingine.

Baada ya chakula cha mchana nilikitoa nikisome. Jaladani yupo mtu amesimama kileleni na chombo cha miguu mitatu. Nyuma yake milima, mmoja nyuma ya mwingine, inafifia mpaka inakuwa rangi ya moshi. Nikamvua yule mtu helmeti, nikaivaa mimi. Nikapanda. Chini niliiona Mbeya yote, mabati yakimetameta, barabara ya Chunya ikipanda kama uzi mwekundu. Nikainua mkono. Kengele ya kazi za bustani ikalia. Ukurasa wa kwanza nitausoma kesho.

Alhamisi, 5 Julai

Philbert aliuliza kijitabu maktaba, akaambiwa kimeazimwa. Hakugomba. Ameomba ruhusa aende Jumamosi kwa mafundi wanaopima barabara mpya nje ya mji, akawatazame. Nimemhurumia. Kutwa nzima vumbini na wafanyakazi wa mnyororo wa kupimia!

Habari kubwa ni ya Gideoni wa darasa letu. Kaka yake alijaza fomu hizi mwaka juzi. La kwanza aliandika uganga, la pili polisi, la tatu ualimu. Alipewa ualimu. Jirani yao aliandika simu ya upepo mstari wa tatu. Yuko posta, anagonga simu ya upepo. Nimemwuliza Gideoni kama ana hakika. Amenijibu kwamba kaka yake anamjua, wamelala kitanda kimoja miaka sita.

Kwa hiyo Serikali inasoma fomu kutoka chini. Ukifikiri, ni haki. Chaguo la kwanza ni tamaa. Wanakuuliza unataka nini ili wajue cha kukunyima.

Upimaji nitauandika mstari wa tatu. Mstari wa kwanza naweka mifugo, kitu ambacho hawawezi kunipa kwa sababu ndicho ninachoomba. Wa pili, afya.

Jumamosi, 7 Julai

Philbert amerudi jioni, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, kiganja kimechubuka. Walimpa mnyororo aukokote maili mbili. Alikuwa na furaha kama aliyetoka harusini. Alitaka kunieleza jinsi pembe zinavyosomwa. Nilimkatiza. Nikamshauri kama ndugu kwamba kwenye fomu aandike upimaji juu kabisa, chaguo la kwanza, asiogope. Akanishukuru. Akasema ndivyo alivyokuwa amekusudia.

Maskini. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kufunga viatu.

Jumapili, 8 Julai

Barua kutoka nyumbani, mwandiko wa dada yangu Tupokigwe, maneno ya baba. Baba anauliza huo upimaji ni kupima nini. Kama ni ardhi, anasema, Bwana Mpima alipokuja mara ya mwisho shamba letu lilipungua hatua arobaini, na mpaka leo hajui zilikwenda wapi. Anauliza kwa nini nisiwe mwalimu kama watu wengine. Mwishoni Tupokigwe ameongeza la kwake: ng'ombe mwekundu amezaa, naye ni mkali, nikija likizo nipite mlango wa nyuma.

Baada ya ibada nimelala kwenye nyasi nyuma ya jiko. Nimekwenda nyumbani na helmeti yangu. Nimelipima upya shamba la baba. Hatua arobaini zimerudi. Nyingine thelathini zimeongezeka kutoka kwa jirani. Baba amenipisha kiti. Ng'ombe wote wako mbali, wadogo kama maharage, ng'ambo ya mto.

Jumatano, 11 Julai

Tumejaza fomu. Chini ya kila chaguo kuna nafasi ya kueleza sababu. Kwa mifugo nimeijaza yote, kwa mwandiko wangu wa mtihani. Tangu utoto nimewapenda ng'ombe. Nawajua kwa majina. Mmoja akiugua, mimi sili. Hamu kubwa kiasi hicho lazima wainyime. Kwa upimaji, mstari wa tatu, nimeandika neno moja tu, tena ovyo, nisionekane mlafi.

Mwalimu Joachim amekusanya. Yangu ameisoma amesimama. Kisha amevua miwani, akasema, Asukile, miaka miwili nakufundisha na sikujua una moyo wa namna hii. Nimeinamisha kichwa. Mambo yanakwenda sawa.

Ijumaa, 13 Julai

Bwana Kazi ni Mzungu mwembamba, mafua, Kiswahili cha pwani safi. Ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama aliyekiokota njiani. Ameniambia shule hii ni ya tano, na mimi ni kijana wa kwanza kuandika mifugo juu.

Akaniuliza ng'ombe akiwa na homa nitaonaje. Nilikusudia kujibu upumbavu. Lakini baba amelizungumza jambo hilo kila jioni ya maisha yangu, na mdomo ukatangulia wenyewe: pua kavu, masikio ya moto, manyoya yamesimama, hacheui. Akaandika. Akauliza la kwato. Nikajibu na la kwato. Akageuza karatasi, akaandika upande wa pili.

Ndipo akafika mstari wa tatu. Akauliza chombo cha mpimaji kinaitwaje. Nikasema kina miguu mitatu. Akangoja. Nikaongeza kwamba huwekwa mahali pa juu. Akasema jina lake limo ukurasa wa pili wa kijitabu.

Philbert aliingia baada yangu. Walikaa dakika ishirini. Kupitia dirisha nilimwona akimwonyesha kiganja.

Niliondoka kwa amani. Kadiri wanavyonipenda kwa ng'ombe, ndivyo watakavyoninyima ng'ombe. Jioni ukungu ulishuka Loleza, ukafuta mlima, kisha shule, kisha miguu yangu. Nilisimama ndani yake nikipima.

Alhamisi, 26 Julai

Majina yamebandikwa. Philbert Kalinga, upimaji. Asukile Mwakasege, mifugo, chuo cha Mpwapwa. Kando ya jina langu mtu ameandika kwa wino mwekundu: kwa sifa za pekee.

Nimemtafuta Gideoni. Amesema kaka yake alipewa chaguo la tatu kwa sababu alishindwa mtihani wa la kwanza na wa la pili. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema sikumwuliza.

Philbert alinikuta nimekaa kitandani. Akasema kwa salamu ya kwao, kamwene, ndugu, pole. Nilitamani afurahi waziwazi nimchukie vizuri. Hakufurahi.

Ijumaa, 27 Julai

Mwalimu Joachim ametuita. Simu imetoka Dar es Salaam: shule moja haikupata mtu wa upimaji, nafasi moja imebaki wazi. Atakayeitaka aandike barua fupi kufikia kesho saa sita, aseme kwamba anaitaka na kwa nini. Alinitazama mimi. Alisema Bwana Kazi amenikumbuka kwa jina.

Hakuna mwingine anayeitaka. Philbert amenisihi nieleze tu ukweli, Bwana Mpima na helmeti na mlima, mistari mitano inatosha. Amejitolea kunisahihishia Kiingereza. Nimemshukuru. Ni mtu mwema lakini hajui dunia.

Jumamosi, 28 Julai

Barua imeondoka saa tano na nusu. Nimeifunga kabla Mwalimu hajaisoma.

Nilifikiri sana. Mifugo sikuitaka, nikapewa. Hilo halina ubishi, jina langu limebandikwa ukutani. Kumbe si habari ya juu wala chini. Serikali humpa mtu asichokitaka. Nimeandika kurasa mbili, kwa mwandiko wa mtihani, kwamba upimaji siutaki hata kidogo.