Drili ya Fundi Cherehani

Profesa alikuwa anapita zake, kabegi begani, aliposikia mlio uliomsimamisha barabarani. Ulitoka katika duka la fundi cherehani: drili ya betri inanguruma kwa nguvu ukutani, na wala haitoboi. Mtu mwingine angesikia kelele. Profesa alisikia riziki.

Hapa inabidi tumweleze vizuri, asije akaonewa. Profesa hakuwa mwizi. Mwizi huingia bila hodi na kutoka mbio. Profesa alikaribishwa kiti na kusindikizwa kwa shukrani. Utaalamu wake wote ulihusu kitufe kimoja, kile kidogo kilicho juu ya kidole pale unapobonyeza drili. Ukikisukuma upande mmoja, biti, kile chuma cha kutobolea, inazunguka sawasawa na kutoboa. Ukikisukuma upande wa pili, inazunguka kinyumenyume, inasugua tu mpaka ukuta unataka kutoa moshi. Wengi hawalijui hilo, maana kijitabu cha maelezo hubaki ndani ya boksi kimelala fofofo. Profesa alikuwa amekisoma. Kwa hiyo akikuta drili imewekwa kinyume, alitikisa kichwa, akatangaza msiba, kisha akajitolea kuiondoa maiti. Mwezi uliopita alimwondolea mwuza mayai wa mtaa wa pili drili nzima kabisa, na mama wa watu akamfungia mayai sita ya asante.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, baba."

Fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa juu ya stuli, drili mkononi. Wateja wawili walikaa kwenye benchi wakisubiri magauni yao. Juu ya meza ya kukatia vitambaa lilikuwa boksi la drili, limefunguliwa, na ndani yake betri ya pili ikiwa bado na karatasi yake ya dukani. Profesa alimeza mate.

"Pole na kazi, mama. Naona inakusumbua."

"Inanitoa roho! Nataka kufunga fimbo mbili tu za kutundikia nguo. Tazama ukuta, hata mkwaruzo haupo."

"Hebu niione."

Aliipokea kwa mikono miwili, na jicho likaenda moja kwa moja kwenye kitufe. Kinyume! Kimesukumwa kinyume mpaka mwisho. Moyo ulimruka kwa furaha hata ikabidi akohoe.

Sasa, kazi ya Profesa ilikuwa na mwiko mmoja mkuu: kitufe hakiguswi mbele ya mwenye mali. Maiti ikifufuka mbele ya wafiwa, nani atakubali ibebwe? Kwa hiyo hakuijaribu ukutani. Aliitega sikioni, akaibonyeza kidogo, akafumba macho.

"Gia," akasema kwa huzuni. "Gia za ndani zimesagika, mama. Meno yote yameisha."

"Una hakika?"

"Mama, miaka kumi na tano niko kwenye kazi hii."

Fundi cherehani akaligeukia benchi. "Mmemsikia? Anasema gia zimesagika."

"Tumemsikia," wakaitikia wote wawili.

"Na haitengenezeki?" mama akamuuliza Profesa.

"Hii? Ni ya kung'oa vipuri tu. Nakuonea huruma, naweza kukuondolea uchafu huu."

Mama alishuka kwenye stuli, akaketi, akashika tama. "Na nguo za watu ziko sakafuni. Mwanangu, wewe huna drili humo begini?"

Alikuwa nayo, akaitoa: ndogo, kuukuu, mpini umezungushiwa utepe mweusi, lakini inatoboa hata zege. Ndicho kitu pekee katika maisha yake kilichofanya kazi bila kumdanganya mtu. Siku zilizokosa wajinga, hiyo ndiyo iliyomlisha. Alifunga kwayo rafu, makabati na vioo vya watu, na watu wakaridhika. Aliipenda, tusifiche.

"Basi tubadilishane," mama akasema. "Nifungie fimbo zangu, uniachie hiyo kuukuu, ubebe boksi lako na vipuri vyako."

Profesa alisita. Akaitazama drili yake, akalitazama boksi, akaitazama ile betri ya pili. Nisamehe, akaiambia kuukuu yake kimoyomoyo.

Alifunga fimbo mbili. Mama akakumbuka kioo, Profesa akafunga kioo. Mama akakumbuka fimbo ya pazia la kona ya kujaribia nguo, akafunga na hiyo, jasho likimtiririka na wimbo ukimtoka mdomoni. Kisha akaagana nao vizuri, akatoka na boksi.

Hakufika nyumbani. Nani angevumilia? Alipokata kona tu, akasimama kwenye ukuta wa kwanza, akasukuma kitufe upande unaotakiwa, akabonyeza. Drili ikaimba! Akaigandamiza ukutani. Drili ikaendelea kuimba, lakini biti ikasimama tuli. Akagandamiza kwa kifua. Biti haikutikisika. Akachomoa bisibisi, akaifungua pale pale juu ya goti, akachungulia ndani. Gia zilikuwa laini kama vikombe. Meno yote yalikuwa yameisha.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tano, Profesa alikuwa amemwambia mteja ukweli.

Alirudi dukani mbio. "Mama, drili hii ni mbovu!"

"Mbovu vipi, baba?"

"Gia zimesagika!"

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. "Si ndivyo ulivyotuambia?" mama akasema. "Fundi wa kwanza alikaa nayo siku tatu ndipo akajua. Wewe umejua kwa sikio tu!"

"Lakini kitufe kilikuwa kinyume!"

"Kumbe ulikiona. Mimi ndiye niliyekiweka hivyo nilipokuona unakuja. Yule mwuza mayai ni mdogo wangu, alinieleza sura yako na kabegi kako."

Profesa aliibana ile drili mbovu kwapani. Alipiga magoti kati ya vipande vya kitambaa. "Mama, ile kuukuu ndiyo mkono wangu. Bila hiyo nimekwisha."

Na hapo hakuwa anaigiza.

"Drili ya mdogo wangu unayo bado?"

"Ninayo, mama! Sijaiuza!"

"Ilete kwanza. Halafu tutazungumza habari ya yako."

Alikwenda na kurudi anahema, shati limelowa, matumaini tele. Mama aliipokea drili ya mdogo wake, akasukuma kitufe kwa kidole gumba, akatoboa tundu safi ukutani, akaipuliza vumbi na kuiweka chini ya cherehani.

"Sasa, mama," Profesa akasema, akitabasamu kwa unyenyekevu, "tuzungumze habari ya yangu."

"Tuzungumze. Yako ndiyo hiyo uliyoibana kwapani; uliichagua mwenyewe mbele ya mashahidi. Haya, toka tuvute pazia, watu wanataka kujaribu magauni."