Injinia na Usukani Uliofungwa

Gitari, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alifika kwenye benchi la Cicily, muuza chai wa pale Gachoka, na habari aliyoisoma kwa simu: ati wasomi huko ng'ambo bado wanabishana kwa nini baiskeli ikiwa mwendoni haianguki.

Tuliwadharau papo hapo. Wao wana maabara, sisi tuna benchi na majani ya muguka ya kutafuna, na jibu tulikuwa nalo kabla chai haijapoa. Hasa Njoka. Huyu tunamwita Injinia. Alienda kusomea kuchomelea vyuma, akaacha kabla hajachomelea chochote, lakini jina akarudi nalo.

Injinia alisema wasomi hao wanakula mshahara wa bure. Gurudumu likizunguka kwa kasi linajishikilia lenyewe, kama pia ya watoto. Usukani ni wa kukata kona tu, na anayeuchezea njiani ndiye huanguka.

Kama ushahidi akatuonyesha Ruguru, aliyekuwa anakuja akisukuma baiskeli, goti limefungwa kitambaa. Ruguru ni mhudumu wa afya wa kijiji. Wagonjwa wake wako ng'ambo ya korongo na huwafikia kwa miguu. Wageni wa shirika waliompa baiskeli walikuwa warudi Jumatatu, na kama bado hajui kuiendesha, ingepewa mtu mwingine. Injinia ndiye alijitolea kumfundisha. Kila jioni alimwambia akaze mikono, usukani usitikisike hata kidogo, na kila jioni mama wa watu alilala vumbini huku sisi tukicheka.

"Shida si baiskeli," Injinia akatuambia, Ruguru akisikia. "Wanawake hawana balansi."

Madam Lorna, mwalimu wa fizikia ambaye hunywa chai yake upande ule bila kututazama, akaweka kikombe chini. Alisema kuzunguka kwa gurudumu kunasaidia kidogo tu.

"Baiskeli ikianza kulalia kushoto, gurudumu la mbele lazima ligeuke kushoto, lirudi chini ya uzito. Ukikaza usukani, umeizuia kujiokoa."

Injinia akamuuliza kama amewahi kupanda baiskeli. Madam akakubali kwamba hajawahi. Hapo tukamcheka vizuri, kila mtu na neno lake, mpaka tukanyamaza wenyewe kwa sababu yeye hakuwa amekasirika.

"Basi usukani ufungwe," alisema. "Kama ni wa kona tu, mteremko wa kanisa hauna kona."

Ruguru akatoa baiskeli. Gitari akaufunga usukani kwa vipande vya tyubu kuukuu, akavuta hadi ukakataa kusogea. Injinia akapanda, akatupungia mkono kama mwanasiasa, akajiachilia.

Magurudumu yalizunguka kweli, tena kwa kasi nzuri. Baiskeli ikalalia kulia, akavuta usukani, ukakataa. Hakufika hata nusu ya mteremko. Alitua juu ya turubai ambapo Cicily alikuwa ameanika ndengu, na Cicily alishughulikia ndengu kwanza.

Ruguru alimfuata akasimama juu yake. Hakucheka.

"Kumbe hivi ndivyo umekuwa ukinifanya niendeshe," alimwambia. "Imefungwa."

Akakata zile tyubu kwa kisu cha Cicily, akaipandisha baiskeli hadi juu. Madam akamwambia neno moja tu: ikilalia upande, geuza huko huko. Ruguru akaondoka akiyumba kama mlevi wa Krismasi, mara huku, mara kule, sisi tukingoja aanguke. Akapita turubai, akapita kanisa, akapotea.

Jumatatu wageni walimkuta anaendesha. Injinia, mkono umening'inizwa kwa leso, alikuwa ameshawaeleza kwamba mwanafunzi huyo ni wake. Mmoja wao akamuuliza Ruguru kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema, mguu mmoja tayari kwenye pedali. "Alinifundisha kuanguka. Na hiyo kazi anaijua."